Mwalimu wa Mabega

Mnara wa watu ukishasimama katika bustani ya hoteli kule Diani, macho yote hupanda juu. Aliye kileleni, mara nyingi mdogo kuliko wote, hukunjua mikono, watalii wakapiga makofi, simu zikainuliwa. Wachache humtazama kijana wa chini aliyebeba wenzake, shingo imejaa mishipa. Hakuna kabisa anayemtazama mtu aliyesimama gizani nyuma ya spika, fulana imepauka, mikono kaikunja kifuani, akizihesabu pumzi za yule wa chini. Huyo ndiye mwalimu wao, na sifa zangu leo ni zake. Kazi yake ikifanikiwa haionekani, kwa sababu matunda yake ni mambo ambayo hayakutokea: bega halikuteguka, kano haikuchanika, mtoto hakurudi kwao mkono ukining'inia.

Mwalimu ninayemsema ni wa Mtongwe. Nitamwita mwalimu tu, kama wanavyomwita wanafunzi wake.

Mtongwe iko upande wa Likoni, ng'ambo ya bandari ya Kilindini. Ukisimama ufuoni unaziona winchi zikiinua makontena, na jirani yako ni kambi ya Jeshi la Wanamaji. Kijana wa hapa ana njia za kuhesabika za kutafuta riziki: bandari akibahatika, bodaboda, mjengo, uvuvi, hoteli. Sarakasi ni mlango wa pembeni wa kuingilia hotelini bila cheti. Kikundi kikipata onyesho Diani hupanda matatu ya Ukunda. Kikipata Nyali au Bamburi huvuka feri ya Likoni na vifaa vyao, viti, kamba na pete za kurukia. Wenye nyota zaidi hupata mikataba ya Ulaya, Uchina, Marekani na nchi za Ghuba, na mwenye mkataba huo hulea ukoo mzima. Kwa hiyo bega la kijana wa miaka 17 si lake peke yake. Linalipa karo ya mdogo wake na kodi ya mama yake, na likiharibika hakuna bima ya kulifidia.

Pwani hii imelijua bega tangu zamani. Wachukuzi wa maji walitembea na mizega, debe mbele na debe nyuma, na mahamali walishusha magunia majahazini. Lakini hamali hubeba mzigo juu ya bega, mkono ukiwa umeshuka. Mwanasarakasi huugeuza mwili wake wote kuwa mzigo, kisha akaubeba kwa mkono ulionyooshwa kupita kichwa. Mwili wa binadamu haukuzoea hivyo. Lazima ufundishwe, na ufundishwe taratibu.

Nyonga imechimbiwa shimo refu, na kichwa cha mfupa wa paja kimezama humo kikatulia. Bega ni kinyume chake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikalio chake kwenye kombe la mkono ni kidogo tena hakina kina: chungwa lililokalishwa kwenye kisahani cha kahawa. Kinachokizuia kichwa hicho kisiporomoke si mfupa, ni nyama. Misuli 4 midogo hutoka kwenye kombe na kukizunguka kwa kano zake, ikikivuta kibaki katikati kila mkono unapotembea. Kombe lenyewe halikufungwa kwenye mbavu. Linaelea juu ya misuli, na mfupa pekee unaouunganisha mkono mzima na kifua ni mtulinga. Tulipewa kiungo kinachotuwezesha kukwea mnazi, kurusha kimia na kujikuna katikati ya mgongo. Bei yake ni kwamba hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachoteguka kwa wepesi kama hicho. Mara nyingi huchomokea mbele, mkono ukiwa umeinuliwa kando na kuzungushwa nje, na huo ndio mkao wa mtu anayeanguka vibaya kutoka samasoti akataka kuizuia ardhi kwa kiganja.

Mwalimu hakuyapata haya chuoni. Ameyapata kwa vidole. Mtoto mpya akija, kabla ya kuulizwa anaweza kuruka nini, husimamishwa shati limevuliwa, mgongo ukimwelekea mwalimu. Mwalimu huweka kiganja juu ya kombe la mkono na kumwambia ainue mkono polepole, halafu aushushe polepole zaidi. Anasikiliza kombe linavyotembea. Madaktari wana hesabu yake: katika nyuzi 180 za kuuinua mkono hadi juu, takriban 60 hutoka kwenye kombe, zilizobaki kwenye kiungo cha bega chenyewe. Kombe likichelewa kuanza, au ukingo wake ukichomoza mgongoni mkono unaposhuka, mwalimu hasemi neno. Humpiga mtoto kikofi cha upole na kumpeleka kwenye kundi la watambaaji.

Watambaaji ndio darasa la kwanza, na wageni hulidharau. Watoto hutembea kwa mikono na miguu, makalio juu, kutoka mnazi huu hadi ule, kwenda mbele, kurudi nyuma, upande upande. Kisha hukaa katika mkao wa kupiga pushapu bila kukunja viwiko, wakiusukuma mgongo juu mpaka makombe yatengane, halafu wakiuachia mpaka yakaribiane. Kitendo hicho ni kidogo mno, mtu akiwa mbali hudhani wamepumzika. Wengine hukaa hapo wiki, wengine miezi, wakiona wenzao wanapiga samasoti kwenye tairi lililofukiwa nusu. Kumzuia mtoto wa miaka 10 asifanye anachotamani, siku baada ya siku, na kesho yake akarudi akiwa na hamu ileile, ni kazi kubwa kuliko samasoti yoyote niliyowahi kuona.

Kisha huja ukuta. Kusimama kwa mikono ndio msingi wa fani hii kila inakofundishwa kwa utaratibu, na Wachina, ambao wameifundisha dunia sehemu kubwa ya ufundi huu, huwafanyisha wanafunzi wao zoezi hilo kila siku kwa miaka. Mwalimu huwataka wasimame tumbo likitazama ukuta, si mgongo, kwa sababu aliyeupa ukuta mgongo hujipinda kiuno na kuuegemea, mabega yakalala. "Sukuma ardhi!" anasema. "Mabega masikioni!" Vidole vimetandazwa vikiushika udongo, maana vidole ndivyo vinavyorekebisha mizani; vikilala, kazi hiyo hupanda hadi begani, na bega haliwezi kufanya kazi mbili. Halafu kuna jambo lililonichukua muda kuling'amua. Humshusha mwanafunzi angali mzuri. Viwiko havijatetemeka, kiuno hakijapinda, na mtoto mwenyewe analalamika kwamba angeweza kuendelea. Mwalimu hataki mwili uzoee kusimama vibaya hata kwa sekunde 3 za mwisho, kwa kuwa hizo ndizo utakazozikumbuka jukwaani ukiwa umechoka.

Wanaoning'inia kwenye kamba au vitambaa hupewa amri ya kinyume. Hao huambiwa wayashushe mabega mbali na masikio kabla mwili haujapanda hata inchi moja. Anayejiachia akaning'inia kwa kano tupu, kisha akajivuta ghafla, ndiye atakayeamka kesho hawezi kuchana nywele. Wanafunzi wapya huzichanganya hizo mbili, na mwalimu huwasubiri wazitenganishe wenyewe: husimamisha zoezi, huuliza, "Hapo ardhi iko wapi?", na kumwacha mtoto afikiri. Ardhi ikiwa chini ya viganja, sukuma juu. Ikiwa mbali chini ya miguu, vuta chini.

Siku za kwenda ufuo wa Shelly, yeye hutazama maji kabla ya kutazama watoto. Maji yakishakupwa hubaki ukanda wa mchanga uliolowa, mgumu, na hapo ndipo huwapanga wanaosimama kwa mikono. Mchanga mkavu wa juu ni laini, viganja huzama bila usawa, kifundo cha mkono kikapinda na bega likajaribu kuokoa. Huo mkavu huwaachia wanaojifunza kuanguka.

Maana wanafundishwa kuanguka, na wanafundishwa mapema, kabla ya kuruka kokote. Silika ya binadamu akianguka kwa nyuma ni kutupa mkono nyuma. Silika hiyo huokoa kichwa na kuvunja mtulinga, au hulichomoa bega. Mwalimu huitoa kidogo kidogo. Kwanza mtoto huviringika kutoka kuchuchumaa, kidevu kifuani, mkono umekunjwa, mwili ukipita mshazari kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili. Kisha kutoka kusimama. Kisha mwalimu humsukuma bila kumwonya, wakati wanaongea mambo mengine kabisa, mechi ya jana au bei ya unga. Akiona kiwiko kimekunjika chenyewe na mwili umeviringika, hapo anaridhika.

Nimesikia wakufunzi wakisifu watoto walaini, wale ambao mikono yao hupinda nyuma kuliko kawaida na vidole vyao hugusa viganja kwa upande usiotarajiwa. Watazamaji huwapenda, na kikundi huona kimeokota lulu. Mwalimu wa Mtongwe huwaogopea. Ulaini huo maana yake ni kwamba kamba zinazofunga kiungo zimelegea tangu kuzaliwa, na bega ambalo kikalio chake ni kisahani halihitaji kamba zilizolegea zaidi. Mtoto wa namna hiyo humnyima kabisa mazoezi ya kujinyoosha mabega na kumwongezea ya nguvu. Na hapa niseme langu: wapo wanaowakalia watoto mgongoni na kuwavuta mikono nyuma mpaka walie, wakiita hiyo kuvunja mwili. Wanapata picha nzuri kwa miaka miwili. Bega wanalolipata baadaye haliwezi hata kubeba ndoo.

Chombo anachokipenda ni tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Huikata, akaifunga kwenye shina la mwembe kwa usawa wa kiwiko. Mwanafunzi husimama ubavu, kiwiko kimebanwa mbavuni na kitambaa kilichokunjwa kikiwa kwapani, akakivuta kigasha kwenda nje, halafu akakiachia taratibu. Kitambaa kikidondoka, ujue kiwiko kimeachana na mbavu, na hesabu inaanza upya. Zoezi hilo huamsha ile misuli midogo ya nyuma ya bega, ambayo wavulana huipuuza kwa sababu haionekani kwenye kioo. Wao wanataka kifua. Kifua kikikua peke yake huyavuta mabega mbele, na kichwa cha mfupa huelekea kulekule kinakopenda kutorokea.

Kuna ushahidi wa mbali unaomuunga mkono, na sidhani kama ameusikia. Huko Norwei, watafiti waliwafuatilia wachezaji 660 wa ligi za juu za mpira wa mikono, mchezo unaochosha mabega kwa kurusha. Timu nyingine ziliongezewa dakika 10 za mazoezi ya bega katika kupasha mwili moto, mara 3 kwa wiki: mpira wa kuvuta, pushapu za makombe, kujinyoosha kidogo, mzunguko wa kiuno na kifua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliofanya mazoezi hayo walikuwa na hatari ya matatizo ya bega iliyopungua kwa asilimia 28. Dakika 10 na mpira. Gharama ya kitu chenyewe Mtongwe ni tyubu ambayo fundi wa baiskeli alikuwa ataitupa.

Mtu akitaka kuujua ubingwa wa mwalimu huyu, amtazame anavyojenga mnara. Kwanza hana haraka ya kupandisha. Anayepanda hupitia paja la wa chini, kisha nyonga, kisha bega, na kila hatua ina mahali pake. Mguu ukifika begani lazima ukae karibu kabisa na shingo, kwenye nyama nene, visigino nyuma, na si pembeni mwa bega ambapo mtulinga unakutana na kombe. Tofauti ni ya vidole vitatu hivi. Pembeni pale hakuna nyama, ni mfupa na kano tupu, na mzigo ukikaa hapo kijana wa chini hujikunja kuukwepa, mnara mzima ukaanza kuyumba. Anayemvuta mwenzake juu hamshiki kiganja. Wanashikana vifundo vya mikono, kila mmoja akamfunga mwenziwe, na anayevutwa anasukuma kwa mguu kwanza. Mkono ni wa kuongoza tu. Mtoto akinyanyuliwa kwa kuvutwa mkono mmoja, mwalimu huwagombeza wote wawili, aliyevuta na aliyekubali kuvutwa.

Na kushuka. Mwalimu huniambia ajali nyingi alizoziona zilitokea makofi yakishapigwa, wakati kila mtu anadhani kazi imekwisha. Wa juu huruka kabla wa kati hajawa tayari, wa kati hutoa mkono kumdaka, mkono ukavutwa ungali umenyooka. Kwa hiyo mazoezini hakuna kupiga makofi mpaka mguu wa mwisho uguse chini. Hesabu ya kushuka ni ileile ya kupanda, kwa sauti ileile, na anayehesabu ni wa chini kabisa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ana nguvu kiasi gani zilizobaki.

Mikono ya mwalimu mwenyewe inastahili aya yake. Anapomlinda mwanafunzi kwenye samasoti huweka mkono mmoja kiunoni na mwingine chini ya bega, upande wa mgongo. Hamshiki mkono hata siku moja. Anaposhika, hashiki kwa nguvu. Kiganja kinaufuata mwili kwa umbali wa unywele, kikigusa pale tu mzunguko unapochelewa. Mwanafunzi akizoea, kiganja hukaa mbali zaidi, na siku moja hakipo, naye mwanafunzi hajui kilitoka lini. Nimekaa kando ya kiwanja nikijaribu kuikamata siku hiyo kwa mtoto mmoja, nikashindwa.

Fani hii katika Afrika Mashariki ina shina refu kuliko vijana wengi wanavyodhani. Miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana wake Uchina wakasomee sarakasi kwa miaka, na kutokana nao kikundi cha taifa cha sarakasi kikaundwa mwaka 1969. Baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa, na sarakasi ikapata darasa kando ya ngoma na tamthilia. Nairobi ilipata Sarakasi Trust mwaka 2001, ambayo iliigeuza sinema ya zamani ya Shan, kule Ngara, kuwa ukumbi wa mazoezi wenye paa. Na mwezi wa Februari 2024 Watanzania wawili, Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, maarufu kama Ramadhani Brothers, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League kwa ufundi wa kusimamisha kichwa juu ya kichwa. Mtoto aliyewaona kwenye simu hutaka kichwa juu ya kichwa kesho asubuhi. Mwalimu humjibu kwa kumpa dumu la lita 5 alibebe mkono umenyooka juu, atembee nalo hadi barabarani na kurudi, maji yasicheze.

Sarakasi za pwani zina maadui wawili wa bega ambao vyuo vya Ulaya havina, au vinao kwa kiasi kidogo. Wa kwanza ni msimu. Mvua za masika zikianza, hoteli hupunguza maonyesho, nyingine hufunga, na kijana hukaa wiki nyingi bila kubeba mtu. Wageni wakirudi mwezi wa Julai, au Desemba, kikundi hutakiwa jukwaani karibu kila usiku, wakati mwingine hoteli mbili kwa usiku mmoja. Mzigo unaopanda ghafla namna hiyo ndio unaochosha kano. Mwalimu hupambana nao kwa daftari la shule la kurasa 48. Kila kijana ana ukurasa, na humo huandikwa alibeba mara ngapi, alisimama kwa mikono muda gani, alilala saa ngapi. Mwezi wa Mei, wakati hakuna kazi wala pesa, huwaita wabebe vilevile, kidogo lakini mfululizo, na wazazi hushangaa watoto wanajiandalia nini. Ramadhani hubadili saa: mazoezi mazito huhamia baada ya tarawehe, na alasiri hubaki kutambaa na kutembea tu, kwa kuwa mwili uliokauka hushika vibaya.

Adui wa pili ni kimya. Asiyepanda jukwaani halipwi, kwa hiyo kila mtu yuko fiti. Hapo ndipo mwalimu amegeuka mpelelezi. Hawaulizi, anawatazama wakivua mashati. Mwenye bega zima huvuta shati kwa mikono yote miwili kupita kichwani. Mwenye bega bovu huutoa kwanza mkono mzima, kisha kichwa, na mwisho hulivua shati kutoka kwenye mkono mgonjwa bila kuuinua.

"Bega vipi?"

"Fiti, mwalimu."

"Fiti gani, na shati umelivua kama mzee? Nani alikwambia ulalie ubavu mmoja?"

Kijana hucheka kwa haya, siri imetoka. Lakini hafukuzwi kwenye onyesho. Hupewa nafasi ya kuruka kamba, au ya kushika pete wengine wakipita, na mgawo wake unabaki uleule. Kikundi kilikubaliana hivyo, baada ya mabishano ambayo naambiwa yalikuwa makali. Kwa maoni yangu makubaliano hayo yameokoa mabega mengi kuliko tyubu zote za Likoni, kwa sababu maumivu yanayosemwa siku ya kwanza ni madogo. Kampuni kubwa zinalijua hilo. Uchunguzi wa takwimu za miaka 5 za kampuni ya sarakasi ya Cirque du Soleil, uliochapishwa mwaka 2009, ulihesabu majeraha 18,336 kwa wasanii 1,376, na mengi yalikuwa madogo: katika yale yaliyohitaji tiba, asilimia 80 yalikwisha kwa kutibiwa mara 7 au pungufu, msanii akikosa onyesho moja au asikose hata moja. Cirque du Soleil ina matabibu wake. Mtongwe ina mwalimu anayetazama mashati.

Yote hayo hayazuii kila kitu, na bega likishachomoka ufundi wa mwalimu huwa ni wa kuzuia mikono ya wengine. Wenzake yule majeruhi huwa na pupa ya kulivuta lirudi, kama walivyoona kwenye filamu. Mwalimu husimama katikati. Bega lililochomoka linaweza kuwa limevunjika pia, na kulivuta ovyo kunaweza kukata neva au mshipa wa damu. Huomba leso, akaikunja pembe tatu, akaufunga mkono ulivyo, bila kuunyoosha. Hugusa vidole kuona kama vina joto, na huuliza kama ngozi ya nje ya bega inahisi mguso. Kisha ni hospitali, picha ipigwe kwanza, bibi mkandaji asubiri. Wakandaji wa pwani nawaheshimu, mafuta yao ya nazi yamenituliza mgongo mara nyingi, lakini bega lililotoka si la kukandwa.

Baada ya hapo ndipo subira yote inapopimwa. Maumivu huondoka mapema, kijana akajiona amepona, na hoteli inapiga simu. Ila walio chini ya miaka 20 ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya bega kuteguka tena, na kila likitoka mara nyingine kikalio hulika na kamba hulegea. Mwalimu humrudisha kwa watambaaji, kijana wa miaka 18 mwenye ndevu katikati ya watoto wa miaka 9, kutoka mnazi hadi mnazi. Kisha tyubu. Kisha ukuta. Hapandi mnara mpaka mkono mgonjwa ubebe dumu sawa na mkono mzima, na daktari akubali. Hiyo ni miezi, si wiki. Wengine wamemkimbia wakaenda vikundi vinavyowataka upesi, naye hawalaani.

Mzazi wa Likoni, au wa popote pwani, ambaye mwanawe ameanza kupinduka kila penye mchanga na anataka kumtafutia kikundi, asianze kwa kuuliza kimefika nchi gani. Amuulize mwalimu swali moja: kijana wako wa mwisho aliyeumia bega alikaa nje ya mnara muda gani? Akijibu kwa wiki, mshukuru, umshike mwanao mkono, mwende mkatafute mwingine.